Kigoda cha Mzee

Nyumba za wachungaji wa Ulaya za mtindo wa baroko, karne ya 17 na 18, zilipenda kujionyesha: ngazi za kujipinda, dari za plasta iliyofinyangwa majani, viti vya miguu iliyonakshiwa. Ukambani mtindo huo haukufika. Mmisionari Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifungua kituo mwaka 1895 pale Nzaui, si mbali na Emali ya leo, katikati ya watu wenye samani chache; na iliyo bora kuliko zote, mwenyewe alikwenda nayo mkononi. Mzee wa nzama, baraza la wazee wa Kikamba, hakukalia kiti cha kuazima. Alibeba kigoda chake.

Kigoda hicho huchongwa kwa tezo kutoka gogo moja, bila msumari wala kiungo. Fundi hana nafasi ya kuongeza. Anapunguza tu, na tezo ikiteleza kwenye mguu wa tatu, kazi ya miguu miwili iliyotangulia imepotea. Mbona mitatu? Sakafu ya udongo ina mabonde yake. Kiti cha miguu minne hapo huyumba. Cha mitatu hutulia popote utakapokiweka.

Lakini kinachonifanya nikitazame kwa muda mrefu ni waya. Masango, yaani waya nene za shaba, yalitoka Pwani, yakaletwa na misafara ya Wakamba wenyewe waliopeleka pembe za ndovu. Mhunzi aliyavuta kupitia matundu ya kipande cha chuma, kila tundu jembamba kuliko lililopita, hadi yakawa uzi. Kisha uzi ule ukagongwa kidogo kidogo ndani ya mbao ya kikalio, ukizunguka duara juu ya duara, nafasi kati ya mizunguko ikipimwa kwa jicho. Gonga kwa nguvu mno, mbao itapasuka. Gonga kwa woga, waya utainuka. Hapa urembo hauongezi uzito wala haumkwaruzi anayekaa, jambo ambalo mafundi wa baroko (nisamehewe) hawakulijali sana.

Kukaliwa nako ni sehemu ya kazi: miaka inaipa mbao weusi, na shaba inazidi kung'aa pale nguo inapoisugua. Vigoda vya kuuzia watalii hupakwa vanishi kuiga hali hiyo.

Mimi nikionyeshwa kigoda, hukipindua kwanza. Pale chini, miguu inapokutana na kikalio, tezo haipati pa kugeukia. Fundi hodari amepasafisha hata hapo.