Dola ya Angani

Aghalabu mtu aitazamapo sinema ya Star Wars, aliyoitoa George Lucas mwaka 1977, hutekwa na merikebu zipitazo kati ya nyota, asitambue kwamba uhodari wa fundi yule umekaa mahali padogo zaidi: katika vazi la afisa, katika kauli ya gavana, katika jina la askari lililochukuliwa kwa wanamgambo wa Kijerumani. Lucas mwenyewe ameeleza kwamba alipoibuni dola ile dhalimu aliiwazia Marekani ya Nixon na vita vya Vietnam. Na wako wajuzi ambao, tangu waipate habari hiyo, hawaitazami tena sinema bali huifanyia hesabu, huyu ni fulani na yule ni fulani, mpaka hadithi ikawafia mikononi.

Fumbo jema halikubali kufungwa kwa mtu mmoja. Hapa Kabuku, penye mashamba ya mkonge, mtazamaji hana haja ya kumjua Nixon. Amsikiapo mkubwa akimwita askari wake kwa tarakimu, TK-421, pasipo jina, huwakumbuka manamba waliosafirishwa kutoka Kigoma na Songea na kwingineko kuja kukata mkonge wa Tanga, kila mmoja na namba yake na kipande chake cha siku 30. Tena katika sinema ile ya kwanza mfalme mkuu haonekani kabisa. Hutajwa tu barazani kwamba amelivunja bunge, na kwamba tangu sasa magavana watatawala kwa hofu. Ufundi huo ndio niustahio kupita wote, maana ndivyo dola ilivyo kwa aliye chini yake: Kaizari alikaa Berlin, asionekane Handeni hata siku moja, walioonekana ni akida, na nyapara, na kiboko, hamsa ishirini.

Hata hivyo taji la kazi hii siwavishi watu wa Hollywood. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, alikwisha kuiinua nchi nzima angani katika Kusadikika, mwaka 1951, akamsimamisha Karama ajitetee mbele ya mashitaka ya Waziri Majivuno kwa kuhadithia habari za wajumbe sita, waliotumwa ng'ambo kutafuta maarifa na kutiwa kifungoni waliporudi. Lucas aliifumba serikali yake akiwa mtu huru. Shaaban aliandika akiwa karani katika serikali ya kikoloni, na kitabu chake kikatolewa na Nelson, wapiga chapa wa Uingereza yenyewe.