Epictetus na mpaka wa neno "subira"

Msomaji wa Kiswahili akikutana kwa mara ya kwanza na Encheiridion ya Epictetus, yaani kitabu cha kushikwa mkononi, hukimbilia kusema: haya twayajua, ni subira. Kwa maoni yetu fasiri hiyo yapotosha, wala upotofu wake si wa msamiati tu.

Subira yetu hungoja. Methali isemayo kuwa huvuta heri yaiweka heri mbele, mwisho wa safari. Epictetus haahidi heri ya kesho. Tangu sura ya kwanza agawa mambo mafungu mawili: yaliyo katika uwezo wetu, kama maoni na matakwa, na yasiyo katika uwezo wetu, kama mwili, mali, sifa na vyeo. Heri yote imo katika fungu la kwanza. Neno alitegemealo ni prohairesis, nasi twapendekeza lifasiriwe hiari. Uvumilivu watajwa katika sura ya 10, lakini kama silaha moja tu miongoni mwa tatu: kujizuia mbele ya uzuri wa mwili, uvumilivu mbele ya kazi ngumu, ustahimilivu mbele ya matukano.

Aliyenena hayo alizaliwa Hierapolis yapata mwaka 50, akawa mtumwa wa Epaphroditus huko Roma. Jina lake lenyewe lamaanisha "aliyepatikana", kama bidhaa. Sisi tusemao lugha iliyopata kuitwa Kingwana, kwa ajili ya waungwana wa misafara ya karne ya 19, ambao wengi wao walikuwa watumwa au watumwa walioachwa huru, yatupasa kuisikiliza kwa makini hoja yake kwamba uungwana wa mtu hukaa katika hiari yake. Hata hivyo tusimpambe. Sura ya 12 yamwambia bwana kuwa ni afadhali kijana wake mtumwa awe mbaya kuliko yeye bwana akose raha. Kijana mwenyewe hapewi neno.

Linalowachukiza wasomaji wengi zaidi ni sura ya 3: umbusupo mwanao, jikumbushe kuwa wambusu mwanadamu, naye hufa. Ikisomwa peke yake yaonekana baridi kama jiwe. Lakini kitabu hiki ni muhtasari alioufanya mwanafunzi wake Arrianus, ambaye pia aliandika Mazungumzo marefu ya mwalimu. Vitabu vinne vyake vimesalia. Katika kitabu cha kwanza, sura ya 11, twamkuta mkuu mmoja aliyemkimbia binti yake mgonjwa kwa kuwa hakuweza kustahimili kumtazama. Aita tendo hilo upendo. Epictetus amhoji taratibu: je, mama naye angekimbia, na yaya, na mlezi? Nawe ukiugua, ungetaka upendwe hivyo, hata uachwe peke yako?

Hapa subira haitoshi kueleza kitu, maana baba yule hakukosa kungoja; alikosa kuchagua kubaki. Ajuaye kuwa mtoto hufa ndiye awezaye kuketi kando ya kitanda. Mfasiri atakayetupatia Encheiridion kwa Kiswahili na azichape sura hizo mbili zikitazamana, ukurasa kwa ukurasa.