Sitara na Uhariri: Suala la Kuchapisha Barua na Picha za Marehemu

Utangulizi

Barua za faragha na picha za zamani ni malighafi yenye thamani kubwa katika uchunguzi wa fasihi na historia ya Kiswahili. Mwaka 2002 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kitabu kiitwacho Barua za Shaaban Robert 1931-1958, kilichohaririwa na M. M. Mulokozi. Barua zenyewe ni zile ambazo mwandishi huyo alimwandikia ndugu yake, Yusuf Ulenge. Hapana shaka kwamba mhakiki wa Shaaban Robert hawezi tena kukiacha kitabu hicho kando. Hata hivyo, liko swali ambalo huitangulia faida hiyo: ni nani mwenye idhini ya kuufungua waraka ambao mwandishi wake aliufunga kwa ajili ya mtu mmoja?

Makala haya yanakusudia kulichunguza swali hilo kwa kuangalia mifano michache ya maandishi na picha za mwambao wa Afrika Mashariki. Hoja inayotetewa ni kwamba mhariri wa barua za marehemu anafanana na mwosha maiti. Wahenga walisema kwamba aibu ya maiti aijuaye mwosha. Mwosha haruhusiwi kuikimbia kazi yake, kwa maana maiti lazima aoshwe; lakini vilevile haruhusiwi kutoka nje na kusimulia kila alichokiona.

Barua katika jamii ya Waswahili

Ni kosa kudhani kwamba barua ya Kiswahili ya zamani ilikuwa siri ya watu wawili tu. Watu wengi hawakujua kuandika. Waliwatafuta wenye kujua, wakawaeleza maneno yao, nao wakayatia katika hati za Kiarabu. Huko ilikopelekwa, mara nyingi barua ilisomwa kwa sauti mbele ya jamaa. Ndiyo sababu salamu zake hazikuishia kwa mpokeaji mmoja, bali zilimfikia shangazi, wakwe, watoto na majirani. Kwa hiyo barua ilikuwa na hadhira yake, na hadhira hiyo ilikuwa na mpaka. Mwandishi alijua ni nani atakayeketi mkekani barua itakaposomwa, akayapima maneno yake kwa kadiri ya watu hao.

Tatizo la maadili huanza pale mpaka huo unapovukwa. Mwaka 1892 C. G. Büttner, aliyekuwa akifundisha Kiswahili mjini Berlin, alichapisha mkusanyo wa maandishi ya Kiswahili yaliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, zikiwemo barua. Kwa mwanaisimu mkusanyo huo ni hazina, maana unahifadhi lahaja, tahajia na mtindo wa waraka wa karne ya 19. Lakini barua iliyoandikwa ili kudai fedha au kuulizia hali ya mgonjwa iligeuzwa kuwa zoezi la lugha kwa wanafunzi wa Kijerumani, baadhi yao wakijiandaa kwenda kuitawala nchi ya waandishi wenyewe. Ubora wa kazi ya Büttner hauwezi kulifuta jambo hilo, wala jambo hilo haliwezi kuufuta ubora wa kazi. Mhakiki analazimika kuyashika yote mawili.

Wenye barua ni wangapi?

Sheria hutoa jibu la sehemu tu. Katika kesi ya Pope na Curl iliyoamuliwa Uingereza mwaka 1741, mahakama ilitofautisha karatasi na maneno: karatasi ni ya aliyepelekewa barua, lakini haki ya kuyachapisha maneno hubaki kwa aliyeyaandika. Kanuni hiyo ilienea katika nchi zilizorithi sheria za Kiingereza. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote pamoja na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Aidha, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 31, hulinda faragha ya mawasiliano ya mtu.

Pamoja na hayo, sheria ya hakimiliki humtambua mwenye maneno na humwachia mpokeaji karatasi yake. Yuko mtu wa tatu ambaye haimtambui kabisa. Huyu ni yule anayetajwa ndani ya barua. Ndugu anapomwandikia ndugu yake huwataja wengine: mke aliyegombana na mawifi, mtoto aliyeacha shule, jirani asiyelipa deni. Watu hao hawakuandika, hawakupokea, na hawakuulizwa. Mwandishi mashuhuri akichapishwa huongezewa sifa. Jirani yake hubaki katika kumbukumbu ya taifa kama mtu asiyelipa deni, na wajukuu zake hulirithi jina hilo. Miaka 50 ya hakimiliki ikiisha, aibu hiyo haiishi pamoja nayo.

Katika mizani hii kitabu cha 2002 kinastahili kuangaliwa kwa makini. Shaaban Robert alijua tofauti ya kujieleza hadharani na kujieleza kwa jamaa. Alikuwa tayari kuyafungua maisha yake mwenyewe, kama Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini inavyoonyesha, na humo aliomboleza hata msiba wa mkewe. Lakini huko alichagua mwenyewe la kusema na la kuacha. Barua zinaanza mwaka 1931, alipokuwa kijana wa miaka 22, mtumishi wa serikali ya kikoloni ambaye jina lake halijavuma. Kijana huyo hakuwa akiwaandikia wahadhiri. Hapo ndipo ilipo thamani ya barua zake, na hapo hapo ndipo ulipo uzito wa amana aliyoachiwa mhariri: zinaaminika kwa sababu hazikukusudiwa kuonekana.

Kalamu moja, milango miwili

Mfano wa Sayyida Salme unaidhihirisha tofauti hiyo zaidi. Binti huyu wa Sultani Said alizaliwa Unguja mwaka 1844, akahamia Ujerumani, akaitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Mlango huo aliufungua kwa mkono wake. Lakini aliacha pia maandishi mengine, aliyoyaandika kwa mtindo wa barua za kumpelekea rafiki nyumbani, yanayosimulia upweke wake Ujerumani na dhiki iliyomkuta baada ya kifo cha mumewe mwaka 1870. Hayo hakuyachapisha. Alifariki mwaka 1924, na mwaka 1993 yakatolewa na E. van Donzel pamoja na kumbukumbu zake nyingine.

Msomaji wa leo anaweza kusema kwamba maandishi yaliyofichwa ndiyo yenye kina zaidi. Kumbukumbu za 1886 zinawaeleza Wazungu habari za nyumba ya kifalme. Barua zinamweleza Salme mwenyewe. Lakini hoja ya kwamba kitu ni kizuri haitoshi kuwa idhini. Linalopunguza uzito wa jambo hili ni kwamba maandishi hayo yalitungwa kwa utaratibu na kuhifadhiwa kwa uangalifu, wala hayakuchanwa. Mtu anayetaka neno lake life huliangamiza. Hata hivyo hiyo ni dalili tu ya ridhaa, na mhariri mwaminifu huieleza dalili kuwa dalili.

Picha zisizo na majina

Katika picha tatizo hugeuka upande wa pili. Barua hudhuru kwa kutaja mno. Picha hudhuru kwa kutotaja. Mwanzoni mwa karne ya 20 studio za Unguja, kama ile ya A. C. Gomes, zilitoa kadi za posta zilizosambazwa mbali. Nyingi zilionyesha wanawake waliovaa leso na mapambo, na chini yake yakaandikwa maneno ya jumla ya kuwataja kwa kabila au kwa umbo. Mwanamke aliyekuwa na jina, baba na mtaa aligeuzwa kuwa mfano wa aina ya watu. Picha hizo huchapishwa tena hadi leo katika vitabu na mitandao, mara nyingi zikiwa na maelezo yale yale. Anayezirudia bila kuyahoji maelezo hayo anaendeleza kazi ya mpiga picha wa kikoloni, hata kama nia yake ni kuusifu urembo wa mwambao.

Hoja ya wapinzani

Upo upande wa pili wa hoja nao una nguvu. Sitara inaweza kutumiwa kuficha dhuluma. Familia yenye cheo inaweza kuzificha barua zinazothibitisha kwamba babu yao alikuwa na watumwa, ikadai kwamba inamsetiri marehemu. Isitoshe, karatasi zisizochapishwa huliwa na mchwa, na mficha uchi hazai. Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ulikuwa wasia wa mama kwa binti yake kuhusu mambo ya ndani ya nyumba. Ungalibaki sandukuni, fasihi ya Kiswahili ingalipungukiwa mno.

Lakini mfano huo wa Mwana Kupona unathibitisha kanuni badala ya kuivunja. Mwishoni mwa utendi mtunzi mwenyewe anawaita wanawake wengine wausome. Alipanua hadhira yake kwa kauli yake. Ama dhuluma, hiyo haina sitara: mwosha hufunika aibu ya maiti, lakini akiona jeraha la kisu hana budi kuliripoti.

Hitimisho

Yapo basi mambo ambayo mhakiki ana haki ya kuyadai kwa kila mhariri wa barua na picha za marehemu. Kwanza, utangulizi ueleze maandishi yalitoka mkononi mwa nani na nani aliridhia. Pili, mhariri akiacha sehemu, aonyeshe kwa alama kwamba ameacha, maana kuficha ufichaji ni uongo. Tatu, mtu wa tatu asiye na hatia wala nafasi katika maisha ya umma apunguziwe jina liwe herufi moja, na nakala kamili iwekwe katika maktaba kwa muda uliotajwa. Nne, picha ya mtu asiyejulikana isichapishwe kabla jina lake halijaulizwa kwa wenyeji wa mahali ilipopigwa. Na lisipopatikana, maelezo yaseme hivyo.

Masharti haya yatawachelewesha wachapishaji na kuwaudhi baadhi ya watafiti. Lakini elimu ya Kiswahili imejengwa kwa karatasi zilizotolewa masandukuni na watu walioamini kwamba jamaa zao hawataaibishwa. Imani hiyo ikivunjwa katika nyumba moja, masanduku ya nyumba nyingine kumi yatafungwa, na hasara itakuwa ya taaluma nzima.