Mgomo na Kutoroka: Mfanyakazi wa Shambani katika Uhakiki wa Riwaya

Riwaya ya Kiswahili inapousimulia mgomo huelekea bandarini. Kuli ya Adam Shafi (1979), iliyojengwa juu ya mgomo wa Unguja wa mwaka 1948, ndiyo mfano ulio bora, na sifa zake ni za haki. Kasoro imo katika uhakiki unaoigeuza kuwa kipimo cha mwamko wa wafanyakazi wote: aliyegoma ameamka, asiyegoma amelala. Kipimo hicho kikipelekwa Eldoret ya miaka ya 1930 hakipimi kitu.

Mdororo wa uchumi ulioanza mwaka 1929 ulishusha bei ya mahindi na ngano, mazao yaliyoutegemeza uwanda wa Uasin Gishu. Serikali iliwakopesha walowezi. Mfanyakazi alipunguziwa mshahara, na kodi ikaendelea kudaiwa. Mombasa, makuli waligoma mwaka 1934, na mwaka 1939 mgomo ukaenea mjini. Mashamba ya Eldoret (Sisibo, kama wenyeji walivyoliita shamba namba 64 la Kizungu lililozaa mji) hayakuwa na mgomo wa namba hiyo.

Je, yalikuwa kimya? Kuli akigoma hubaki kwake. Skwota hakuwa na kwake: nyumba, bustani na ng'ombe wake vilikuwa juu ya ardhi ya bwana, kwa mkataba wa kazi ya siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Kwake yeye, kugoma kulikuwa kuhama. Basi alilegeza mkono, alichunga ng'ombe alipokatazwa, au alitoroka usiku. Sheria ya kikoloni ililielewa tendo hilo kuliko mhakiki anavyolielewa: ililifanya kutoroka kuwa kosa la jinai, na kipande kilichotundikwa shingoni kilimsaidia polisi kumtafuta mtoro.

Lugha nayo ilisikia. Hata kabla ya mdororo, maskwota wa Bonde la Ufa walipopokonywa mifugo yao waliliita tukio hilo "kifagio". Katika neno hilo la jikoni mna zizi tupu, mna dharau ya anayefagia, na mna kejeli ya anayefagiwa. Hotuba ndefu za viongozi wa mgomo katika riwaya nyingi hazifikii hapo. Mwandishi wa pwani hawezi kulaumiwa kwa kutolitumia. Mhakiki anayedai kuandika juu ya tabaka zima la wafanyakazi hana udhuru huo.