Kununua au Kuazima? Diski na Upakuaji katika Michezo Mitatu ya Remedy

Mwanafunzi wetu mmoja wa shahada ya uzamili alituletea pendekezo la utafiti lililotugawa pande mbili. Alitaka kulinganisha Mzingile, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyochapishwa mwaka 1991, na mchezo wa video uitwao Alan Wake 2, uliotolewa Oktoba 2023 na kampuni ya Remedy ya nchini Ufini. Wapo kati yetu waliouliza kama gemu, kwa jina walitumialo vijana, ni matini ya kuhakikiwa. Ubishi huo uliisha upesi kuliko tulivyotarajia. Uliotuchukua muda ni ubishi wa pili, na huo haukuwa wa nadharia: mtahini wa nje angeisomaje kazi hiyo? Mzingile imo kabatini. Ni kitabu chembamba, kimepita mikono mingi, na kurasa zake zote zipo. Alan Wake 2, kwa takriban mwaka mzima wa kwanza, haukuwa na kitu chochote cha kuwekwa kabatini.

Tahakiki hii imetokana na ubishi huo wa pili. Tunaitoa kwa walimu na wanafunzi wenzetu kwa kuwa tunaamini kwamba namna kazi inavyotolewa haiwezi kutenganishwa na namna itakavyosomwa. Mhakiki asiyeuliza kazi imehifadhiwa wapi ameacha nusu ya swali.

Tuanze na mchezo wenyewe. Alan Wake ni mwandishi wa riwaya aliyenaswa kwa miaka 13 katika Mahali pa Giza, ambako anachokiandika huwa kweli na kila mlango humrudisha alikotoka. Mwanafunzi wetu hakukosea kuukumbuka mzingile. Kinachoutofautisha mchezo huu na mingine mingi ni wingi wa picha za video za waigizaji halisi zilizofumwa ndani ya michoro ya kompyuta. Sam Lake, mmoja wa wakurugenzi wa mchezo, anaonekana mwenyewe kama mpelelezi Alex Casey, lakini sauti ni ya mtu mwingine, James McCaffrey. Kuna kipindi cha mahojiano cha televisheni kinachomrudia Wake kila mara kama jinamizi. Kuna sura nzima ya muziki ambamo mchezaji hupita katikati ya viwambo vikubwa huku wahusika wakimwimbia na kumchezea maisha yake. Tena kuna sinema ambamo mchezaji anaweza kuketi na kutazama filamu fupi ya Kifini iitwayo Yötön Yö.

Hapo mwalimu wa lugha husimama kidogo. Jina hilo maana yake ni usiku usio na usiku, na ndivyo Wafini waitavyo usiku wa kiangazi ambapo jua halizami. Kiambishi tamati -tön hufanya kazi ile ile tunayoifanya sisi kwa "-sio na". Kifini ni lugha ya watu wapatao milioni 5 hivi, nayo imewekwa katikati ya kazi inayouzwa duniani kote bila kuombewa radhi. Asiyeijua asome manukuu. Sisi tunaofundisha Kiswahili, lugha yenye wasemaji wengi mara nyingi zaidi, tuna la kujifunza hapo, hasa tukikumbuka kuwa manukuu ya Kiswahili hayamo katika mchezo huo.

Lakini video ni mzigo mzito. Maneno ya Mzingile yote yangeingia katika sehemu ndogo mno ya diski ya zamani kabisa. Alan Wake 2, kwa toleo la kompyuta, unadai nafasi ya gigabaiti 90. Ndiyo maana suala la diski na upakuaji, ambalo kwa michezo midogo ni suala la upendeleo tu, kwa michezo yenye video nyingi huwa suala la nani ataisoma kazi na nani hataisoma.

Wenye michezo ya aina hii walilijua tatizo hilo tangu zamani. Mwaka 1995 mchezo wa Phantasmagoria, uliojaa video za waigizaji, ulitolewa kwa CD 7. Mwaka 2010 Final Fantasy XIII uliingia katika diski moja ya Blu-ray kwa wenye PlayStation 3, lakini wenye Xbox 360 walipewa DVD 3. Kubadilisha diski katikati ya hadithi kulikuwa kero, hilo hatulikatai. Hata hivyo, mnunuzi alipotoka dukani alikuwa amebeba kazi yote, mwanzo wake na mwisho wake.

Kampuni ya Remedy inatufaa kama mfano kwa sababu imetoa kazi zenye video kwa njia tatu tofauti, na kila njia ilikuwa na matokeo yake.

Ya kwanza ni Alan Wake wa mwaka 2010, uliotolewa kwa diski ya DVD kwa ajili ya Xbox 360, na baadaye, mwaka 2012, ukafika kwenye kompyuta. Mchezo huo uligawanywa kama tamthilia ya televisheni, na ndani ya nyumba za wahusika mna televisheni zinazoonyesha vipindi vifupi vya waigizaji halisi. Kila sehemu ilifungwa kwa wimbo, mmojawapo ukiwa wa David Bowie. Nyimbo hizo ndizo zilizoleta balaa. Mei 2017 leseni za muziki zilikwisha muda, na mchezo ukaondolewa kwenye maduka ya mtandaoni baada ya kuuzwa siku za mwisho kwa punguzo la asilimia 90. Haukurudi hadi Oktoba 2018, leseni zilipofanywa upya. Tuseme haki: waliokwisha kuulipia hawakunyang'anywa. Aliyefungiwa mlango ni msomaji mpya. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, mwanafunzi aliyetaka kuuchunguza kwa mara ya kwanza alikuwa na njia moja iliyo wazi, nayo ni kutafuta diski iliyotumika. Diski haikujua kuwa leseni imekwisha. Iliendelea kuuzwa, kuazimwa na kurithishwa kama kitabu.

Ya pili ni Quantum Break wa mwaka 2016, na hapa tunakuwa wakali zaidi. Mchezo huu ulikusudiwa kuwa nusu gemu na nusu tamthilia ya televisheni. Kati ya sehemu za mchezo kuna vipindi 4 vya video, na yanayotokea ndani yake hubadilika kufuatana na uamuzi wa mchezaji. Ni wazo zuri, tena ni la ujasiri. Diski ya Xbox One iliuzwa dukani. Lakini vipindi havikuwamo. Mchezaji alipaswa kuvitazama moja kwa moja kupitia intaneti, au kuvipakua kando kama furushi la gigabaiti 75. Sababu inaeleweka, kwa kuwa diski ya Blu-ray ya kawaida yenye matabaka mawili hubeba gigabaiti 50 tu. Hata hivyo kueleweka si kuhalalishwa. Waliotangulia waliongeza diski. Hawa waliitoa hadithi nje ya kasha. Ni sawa na kuuziwa riwaya ambayo sura zake nne ziko kwa mchapishaji, nawe umepewa ruhusa ya kwenda kuzisoma dirishani kwake maadamu dirisha liko wazi. Hii si diski wala si upakuaji. Ni kasha lenye ahadi ndani yake.

Ya tatu ni Alan Wake 2. Ulipotangazwa kuwa hautakuwa na diski, kampuni ilieleza sababu zake: wanunuzi wengi wamehamia kwenye upakuaji, kuacha diski kunasaidia kushusha bei, na hawakutaka kuuza diski ambayo bado ingemlazimu mnunuzi kupakua mchezo. Sababu ya mwisho tunaiheshimu, hasa baada ya yaliyotokea mwaka 2016. Lakini inajibu swali ambalo msomaji hakuuliza. Msomaji hakuomba diski pungufu. Aliomba diski kamili. Na kwamba iliwezekana tunajua, kwa sababu tarehe 22 Oktoba 2024 mchezo ulitolewa kwa diski kwa ajili ya PlayStation 5 na Xbox Series X. Mwaka mmoja wa kungoja ulikuwa uamuzi wa biashara. Haikuwa amri ya teknolojia.

Hapa kwetu Uganda suala hili lina uzito wake. Tuchukue intaneti ya kasi ya megabiti 10 kwa sekunde isiyokatika hata mara moja. Gigabaiti 90 zitachukua saa 20 kamili. Wenye kuishi mabwenini wanajua kama kuna saa 20 ambazo umeme na mtandao havikatiki. Tena, Julai 2021 serikali iliweka ushuru wa asilimia 12 kwenye data ya intaneti. Vifurushi vya elimu viliachwa nje ya ushuru huo, lakini ni nani atakayeusadikisha mtambo wa kampuni ya simu kwamba gemu ya gigabaiti 90 ni tasnifu? Diski hulipiwa mara moja. Upakuaji hulipiwa dukani, kisha kwa kampuni ya simu, kisha tena siku kompyuta itakapoharibika na kila kitu kuanza upya.

Tusije tukadhaniwa kuwa tunaisujudia plastiki. Diski hukwaruzika. Diski haina maana bila mashine yake, na kompyuta nyingi za siku hizi hazina pa kuiingizia. Diski mpya huagizwa kutoka mbali na bei yake huwatisha wengi, ilhali upakuaji humfikia hata aliye mji usio na duka la michezo. Upo pia upakuaji ulio mwaminifu kuliko diski nyingi: duka la GOG, lililoanzishwa mwaka 2008, huwapa wanunuzi faili wanazoweza kuzihifadhi na kuzisakinisha wakati wowote bila kuomba ruhusa upya. Kwa hiyo kipimo chetu si chombo. Kipimo ni je, kazi yote imo mikononi mwa aliyeilipia, na itafunguka hata muuzaji akilala? Kwa kipimo hicho, diski ya Quantum Break inashindwa, na faili ya GOG inashinda.

Na hapa tunalirudia jambo lililo letu hasa, yaani neno. Kwenye maduka ya mtandaoni kitufe husema "nunua". Katika Kiswahili, mtu aliyenunua kitu amekuwa mwenye kitu: anaweza kukiuza, kukigawa, kukirithisha, hata kukichoma moto. Aliyepewa ruhusa ya kutumia mpaka mwenyewe atakapobadili nia hakununua. Ameazima, au amekodi. Jimbo la California nchini Marekani limeliona hilo. Sheria iliyotiwa saini huko Septemba 2024 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 inawakataza wauzaji wa bidhaa za kidijitali kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kuwa anapata leseni tu, isipokuwa pale anapoweza kuipakua na kubaki nayo daima bila kumtegemea muuzaji. Si mara nyingi bunge hukaa kujadili maana ya kitenzi. Sisi wa lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kulisemea. Wahenga walikwisha kusema kuwa nguo ya kuazima haisitiri matako. Maktaba iliyojengwa kwa leseni haitasitiri idara.

Wasemao kuwa haya ni mambo ya watoto na michezo yao wakumbuke kwamba njia hii hii ndiyo inayofuatwa na filamu, muziki na vitabu vyenyewe. Leo ni gemu ya Kifini. Kesho itakuwa tamthilia ya Kiswahili ambayo tumeiweka kwenye silabasi, na wanafunzi watakuja darasani Jumatatu kutuambia kuwa haipo tena. Filamu za Kiswahili zilizowahi kuuzwa kwa diski na ambazo hakuna aliyezitunza tayari zinatuonyesha hasara ilivyo, ijapokuwa huko kosa lilikuwa letu sisi tulioshindwa kutenga rafu.

Mwanafunzi wetu tumemkubalia, kwa masharti mawili. La kwanza, atumie toleo la diski la mwaka 2024, na nakala yake ibaki katika idara pamoja na tasnifu. La pili, katika sura yake ya mbinu za utafiti aeleze ni toleo gani alilolichunguza, lilikuwa kwenye chombo gani, na alilifungua kwa mashine ipi, kama vile tunavyomtaka msomaji wa Mzingile ataje mwaka na mchapishaji. Mashine ya kuifungulia diski hiyo idara haina. Mtahini wa nje itabidi tumwazimie ya mwanafunzi mwenyewe. Tumelitia ombi la mashine katika bajeti. Tunajua litachekwa kwenye kikao, na tumejiandaa kulitetea.