Lesi ya Ipswich: namna ilivyosomwa upya, uzi mmoja mmoja

Januari 1791, mchungaji Joseph Dana wa mji wa Ipswich, Massachusetts, alimwandikia barua George Cabot. Wakati huo Waziri wa Fedha wa Marekani, Alexander Hamilton, alikuwa akikusanya habari za kazi za mikono na viwanda vya taifa lake changa, na Cabot alikuwa akimsaidia. Dana alijibu kwa hesabu: kati ya Agosti 1789 na Agosti 1790, mji wake ulisuka yadi 41,979 za lesi. Wanawake na wasichana walioifanya kazi hiyo wanakadiriwa kuwa 600. Pamoja na hesabu, vilitumwa vipande vya lesi yenyewe, zaidi ya ishirini, vingi vikiwa vya hariri nyeusi. Vipande hivyo vimehifadhiwa hadi leo katika Maktaba ya Bunge la Marekani, miongoni mwa karatasi za Hamilton.

Kwa wapenzi wa lesi, hiyo ni hazina isiyo na mfano. Lesi nyingi kongwe tunazoziona kwenye majumba ya makumbusho hazina tarehe ya hakika wala mahali pa hakika. Hizi zina vyote viwili. Tena Ipswich ndio mji pekee wa Marekani unaojulikana kuwa uliwahi kuwa na biashara ya lesi ya mkono iliyosukwa kwa vijiti.

Lakini kuwa na kipande si kujua namna kilivyotengenezwa. Lesi ya aina hii haifumwi kwa sindano moja kama vitambaa vya kroshia tunavyotandika kwenye makochi. Msukaji ana mto mgumu wa duara mrefu, uliojazwa nyasi. Juu ya mto ameweka kiolezo cha ngozi kilichotobolewa vitundu, na kila kitundu kinangoja pini. Nyuzi zimezungushwa kwenye vijiti, na vijiti huenda viwili viwili. Miendo ni miwili tu. Katika kupishana, uzi wa ndani wa jozi ya kushoto unapita juu ya uzi wa ndani wa jozi ya kulia. Katika kupota, nyuzi mbili za jozi moja zinabadilishana nafasi, wa kulia juu ya wa kushoto. Anayejua kusuka ukili ataielewa mantiki hii mara moja, ila hapa nyuzi ni nyembamba kama unywele na pini ndiyo inayoshika mahali ambapo msusi wa ukili hushika kwa kidole.

Ukipishanisha, ukapota, ukapishanisha tena, unapata kitambaa kilichoshikana; ndiyo sehemu nzito za ua au jani. Ukipishanisha mara moja na kupota mara tatu kisha ukachomeka pini, unapata wavu mwepesi wenye matundu. Mapambo mengi ya lesi ya Ipswich yanatokana na kucheza na hesabu hizo, pamoja na uzi mnene mmoja unaozunguka ua na kulichora lionekane. Uzi huo mnene hausukwi na wenzake. Unapenyezwa katikati ya kila jozi, na jozi hupotwa kabla haujapita, kisha hupotwa tena ukishapita, ili usiteleze.

Karen H. Thompson, aliyejitolea kwa muda mrefu kuhudumia mkusanyo wa lesi wa Makumbusho ya Taifa ya Historia ya Marekani, chini ya taasisi ya Smithsonian, ndiye aliyeichukua kazi ya kuvirudisha vipande vile kwenye mto wa kusukia. Kitabu chake kilitoka mwaka 2018, kikiwa na violezo na michoro ya kufuata. Namna kazi kama hiyo inavyofanywa inastahili kutazamwa kwa karibu.

Kwanza unatafuta mahali pambo linapojirudia. Ukingo wa lesi unaweza kuwa mrefu, lakini umejengwa kwa kipande kifupi kinachorudiwa tena na tena. Ukiwa na marudio mawili au matatu, unayalinganisha: uzi usioonekana vizuri hapa utaonekana pale. Hapo ndipo pia unapotenganisha kosa na kusudi. Jani likiwa na mshono wa ziada katika kila rudio, msukaji alikusudia. Likiwa nao mara moja tu, huenda mtoto alimwita.

Pili unahesabu jozi. Unachagua mstari mmoja unaokatiza upana wote wa lesi na kuhesabu nyuzi zinazouvuka. Katika lesi ya namna hii nyuzi zinaanza juu na kuteremka mpaka mwisho wa kazi, kwa hiyo idadi hiyo ndiyo siri ya kila kitu. Ukikosea jozi moja, utafika katikati ya ua huku kijiti kimoja hakina pa kwenda.

Tatu, na hapa ndipo penye ugumu, unatafuta pini ambazo hazipo tena. Pini hung'olewa lesi ikikamilika, na hariri haibaki palepale ilipowekwa: inalegea, inajivuta, inapinda. Wavu uliokuwa umenyooka sawasawa leo umekaa upande. Msomaji hawezi kuweka karatasi juu ya kipande na kuweka nukta penye tundu. Lazima ajiulize nyuzi ziligeukia wapi, maana penye kugeuka ndipo palipokuwa na pini, kisha achore upya nukta katika mistari ya mshazari iliyolingana, kama alivyokusudia aliyetoboa ngozi ya kwanza. Ukingo ulionyooka, ule unaoshonewa kwenye nguo, ndio msaada mkubwa, kwa sababu pini zake zilifuatana kwa nafasi sawa.

Nne unasuka. Mpaka kipande kipya kitoke kwenye mto, kila ulichokiandika ni dhana tu. Mara nyingi mchoro unaopendeza kwenye karatasi unakataa mikononi, na unarudi kwenye picha iliyokuzwa kuufuata uzi uleule tena.

Vifaa vyenyewe vinaeleza mengi pia. Vijiti vya Ipswich vilikuwa vya mwanzi wenye uwazi ndani, vyepesi mno. Katika maeneo ya kati ya Uingereza wasukaji walining'iniza shanga kwenye vijiti vyao, zikaviongezea uzito na kuvizuia visibingirike juu ya mto bapa. Kwenye mto wa duara vijiti huning'inia vyenyewe, hivyo shanga hazina kazi. Na uzi mwembamba wa hariri hautaki kuvutwa na mzigo. Naona katika chaguo hilo akili ya watu walioijua mali ghafi yao barabara.

Ukigawa yadi 41,979 kwa watu 600, kila mmoja anapata karibu yadi 70, yaani mita 64 kwa mwaka. Kwa siku 300 za kazi ni sentimita 21 hivi kwa siku. Kwa ukingo mwembamba wenye jozi chache, hicho ni kiasi cha mtu anayesuka kati ya kupika, kufua na kulea, na lesi hiyo iliishia kwa mwenye duka kubadilishwa na bidhaa za nyumbani.

Biashara hiyo ilikufa kwa uchambuzi wa namna hiihii. Mwingereza John Heathcoat aliwatazama wasukaji, akazifuata nyuzi za wavu na kubaini kwamba baadhi zinateremka wima huku nyingine zikikatiza kwa mshazari. Kwa ugunduzi huo alijenga mashine ya kutengeneza wavu, akaipatia hataza mwaka 1809. Mwaka 1816 wavunja mashine walikishambulia kiwanda chake Loughborough, naye akahamia Tiverton. Katika miaka ya 1820 mashine za wavu zilifika Ipswich kwenyewe, na wasichana ambao mama zao walisuka lesi nzima wakawa wanatarizi juu ya wavu wa kiwandani. Heathcoat aliufuata uzi ili mkono usihitajike. Thompson aliufuata ili mkono upate kazi yake tena. Mimi namheshimu zaidi huyu wa pili, kwa kuwa aliyafungua aliyoyajua kwa kila mwenye mto na vijiti.

Kwa anayetaka kujaribu, kikwazo cha kwanza kitakuwa uzi, maana hariri ya madukani haifanani na ya 1790. Uzi ukiwa mnene, matundu yanaziba. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, lesi inalegea kama iliyoloa. Chukua rula, zungushia uzi wako, mizunguko ikilala bega kwa bega bila kuubana, uhesabu mizunguko inayoingia katika sentimita moja. Kisha linganisha na mizunguko ya uzi uliotajwa kwenye kiolezo. Hesabu zikitofautiana, usibadilishe uzi kwanza: kuza au punguza kiolezo chenyewe kwa uwiano huohuo, usuke rudio moja la ukingo mwembamba, ung'oe pini na ulitazame juu ya kitambaa cheusi au cheupe, kinyume cha rangi ya uzi wako.