Kikombe cha Babu: salama, sawa, lakini kinaponya?

Unamkumbuka Babu wa Loliondo? Mwaka 2011 habari zake zilifika hadi huku Mbaha, wakati ule tukiwa bado Wilaya ya Mbinga, na kutoka mwambao huu wa Ziwa Nyasa hadi Samunge ni kuikata nchi nzima. Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa KKKT, alichemsha mizizi ya mugariga, kikombe kimoja shilingi 500. Kansa, kisukari, ukimwi, vyote hicho hicho kimoja.

Wanaomtetea husema hakuwa tapeli, mbona bei ilikuwa ya soda? Nakubali kuhusu bei. Ila watu walitolewa wodini wakapakiwa kwenye magari, na wapo waliofia kwenye foleni.

Kilichoniudhi zaidi ni sisi wa sayansi. Wataalamu walipima dawa, serikali ikatangaza ni salama kwa kunywa. Mtaani ikasikika hivi: serikali imethibitisha. Hebu fikiria, chai ya rangi nayo ni salama, inatibu kansa? Kujua kama kitu hakina sumu ni swali moja, kujua kama kinaponya ni lingine kabisa. Hilo la pili linataka uvimbe uthibitishwe kwanza kwa kipimo cha nyama, mgonjwa anywe, apimwe tena, afuatiliwe miaka, na wahesabiwe wote. Waliorudi wakatoa ushuhuda tuliwasikia. Waliozikwa hawakuhojiwa.

Na usidhani naidharau mizizi. Lile ua la vinka unaloliona limepandwa uani kwa watu limetoa vinkristini, dawa ya kansa ya damu iliyopo hospitalini leo. Lakini ilibidi itenganishwe, ipimwe dozi, irudiwe wiki kwa wiki, maana kila dozi huua sehemu tu ya seli za kansa. Babu alisema kikombe kimoja, tena lazima utoke mkononi mwake. Sharti hilo pekee lingetosha kutushtua: dawa inayotegemea mkono wa mtu mmoja hakuna maabara itakayoipima.

Mwasapila alifariki Julai 2021. Huku kwetu mama akianza kutokwa damu isiyo ya kawaida bado huanzia kwa mganga. Kansa ya mlango wa kizazi ikikutwa mapema hutibika. Wengi hufika Ocean Road ikiwa imeshasambaa.